Ratiba ya Shule Haidanganyi

Ukitaka kujua kama shule inaendeshwa kwa ushirikiano, usisome dira na dhamira iliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mkuu. Dira hizo karibu zote zinafanana, na nyingine zimeandikwa na mtu mmoja, usiku mmoja, kabla ya ukaguzi. Omba ratiba. Tafuta humo walimu wawili wanaofundisha somo moja kwa madarasa yanayolingana, kisha uangalie ni kipindi gani katika wiki nzima wote wawili hawako darasani. Kama kipindi hicho hakipo, basi ushirikiano wa shule hiyo unafanyika kwenye korido, dakika mbili kati ya kengele na kengele, au haufanyiki kabisa.

Naanza na ratiba kwa makusudi. Mazungumzo kuhusu uongozi wa shule yamejaa maneno ya moyo: kujituma, umoja, mshikamano, kwenda na wakati. Ni maneno mazuri na semina nyingi zimeendeshwa kwa hayo. Yana tabia moja mbaya, nayo ni kuugeuza ushirikiano kuwa sifa ya mtu ilhali ni mpangilio wa kazi. Walimu wasiposhirikiana wanaambiwa hawana moyo. Kikao kinafunguliwa kwa methali ya kidole kimoja kisichovunja chawa, kinafungwa kwa makofi, na kila kidole kinarudi darasani kwake.

Ninavyoona mimi, shule hubadilika kwa kasi ile ile ambayo habari mbaya za darasani zinafika mezani na kuzungumzwa bila mtu kuadhirika. Haiwezi kwenda haraka kuliko hapo, hata ikiwa na mkuu mwenye shahada tatu. Na ili habari hizo zifike, vinahitajika vitu viwili ambavyo mkuu wa shule ana uwezo navyo kuliko mtu mwingine yeyote pale shuleni: muda, na usalama wa kusema. Muda unaonekana kwenye ratiba. Usalama hauonekani popote mpaka siku mtu anapokosea.

Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, aliufananisha muundo wa shule na trei ya mayai: kila mwalimu katika kishimo chake, karibu kabisa na mwenzake, lakini hawagusani. Nusu karne imepita na mfano huo haujachakaa. Mlango unafungwa, mwalimu anabaki na wanafunzi wake, na kinachotokea humo anakijua yeye na wao tu. Mtu anaweza kufundisha miaka ishirini katika shule moja asimwone hata mara moja mwenzake wa chumba cha pili akifundisha. Daktari wa upasuaji ana wenzake wanaomtazama mikono. Rubani wa ndege ya abiria ana mwenzake pembeni. Mwalimu huonwa na mkaguzi, na siku hiyo somo huwa la maonyesho.

Lortie aliona jambo jingine lenye uzito zaidi, ingawa halitajwi sana. Kabla mtu hajaingia chuo cha ualimu, alisema, ameshakaa takriban saa 13,000 akiwatazama walimu, kwa sababu alikuwa mwanafunzi. Hakuna kazi nyingine ambayo mtu huizoea kiasi hicho kabla ya kuisomea. Lakini aliitazama kutoka kwenye dawati. Aliona mwalimu anaandika ubaoni. Hakuona kwa nini alichagua mfano ule akaacha mwingine. Kwa hiyo mambo yanapobadilika na mwalimu akakosa wa kumuuliza, hurudi kwenye kile alichokiona akiwa mtoto. Shule inaweza kubadilisha mtaala mara tatu na bado masomo yakafundishwa kama yalivyofundishwa enzi za babu, bila mtu yeyote kukaidi amri yoyote.

Ni rahisi kumlaumu mwalimu anayefunga mlango. Sidhani kama ni haki. Mlango ule ni mwavuli wake dhidi ya dharau, dhidi ya mageuzi ya kila msimu, na dhidi ya bosi mpya anayetaka kuonekana. Mwaka 1976 Karl Weick, mtaalamu wa tabia za taasisi, alizieleza shule kama taasisi ambazo sehemu zake zimeunganishwa kwa kamba legevu: amri inatoka ofisini imenyooka, ikifika darasani imekuwa jambo jingine. Viongozi wengi wanaisoma kamba hiyo kama ukaidi, wanataka kuikaza. Wanasahau kwamba ulegevu huo umeziokoa shule nyingi na amri mbovu, maana nazo hazikufika. Tatizo lake halisi liko upande wa pili. Kamba ikilegea hulegea kotekote: amri haishuki, na habari haipandi.

Kwa miaka mingi hasara hiyo ilivumilika. Dunia ya shule ilikwenda taratibu, na mkuu aliyejifungia na mafaili yake angeweza kumaliza muhula salama. Kisha ukaja mwaka 2020. Kwa hesabu za UNESCO, mwezi Aprili wanafunzi wapatao bilioni 1.6 katika nchi zaidi ya 190 walikuwa nje ya madarasa. Hapakuwa na waraka wa kuufuata, kwa sababu waliozoea kuandika nyaraka nao walikuwa wanauliza. Vifaa vilikuwa na uzito mkubwa, na ni uongo kusema vinginevyo. Mtoto asiye na intaneti hakufundishwa kwa intaneti. Ila ndani ya shule zenye vifaa vinavyolingana lilizuka swali ambalo halikuhusu vifaa: nani anajua ni mtoto yupi hapatikani, na aliyejua alimwambia nani? Shule iliyokuwa na mazoea ya kuzungumza ilikuwa na pa kuanzia. Iliyokuwa trei ya mayai ilikuwa na orodha ya majina.

Tulipodhani tumepumua, Novemba 2022 ikaja ChatGPT, programu ya akili bandia inayotunga maandishi, na miezi michache baadaye walimu wa lugha wakaanza kupokea insha zilizonyooka kuliko waandishi wake.

Nikae kidogo kwenye insha hiyo, maana ndani yake kuna uongozi wote wa shule. Mwalimu wa kwanza anapata shaka, ananyamaza kwa kuwa hana ushahidi. Wa pili anaona jambo hilo hilo, anampa mtoto sifuri, mzazi anakuja juu. Wa tatu mwenyewe ameshaanza kuitumia programu hiyo kuandika maandalio ya masomo, na hataki kuulizwa. Kila mmoja ana kipande cha habari. Vipande vikibaki kwenye trei, mkuu atalijua jambo siku mzazi aliyekasirika atakapoketi mbele yake, na hapo atafanya kile ambacho kiongozi aliyeshtukizwa hufanya. Atapiga marufuku, au atanunua kitu.

Kununua kuna mvuto wake, kwa sababu kunaonekana. Lakini Januari 2023 kampuni ya OpenAI yenyewe, wenye ChatGPT, ilitoa kifaa cha kutambua maandishi yaliyotungwa na mashine, na Julai mwaka huo huo ikakiondoa kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Kama waliounda mashine hawakuweza kuitambua kazi ya mashine yao kwa uhakika, mkuu wa shule atajivunia programu gani?

Swali halikuwa la kununua. Lilikuwa hili: tunampa mtoto insha ili tupate nini? Kama tunataka kuona anavyofikiri, labda aandike darasani. Labda aje atetee kwa mdomo alichoandika, au atuonyeshe rasimu tatu zenye makovu badala ya moja iliyopigwa pasi. Hakuna mtaalamu wa nje anayeweza kulijibu hilo kwa niaba ya walimu, maana kila jibu linadai waache sehemu ya mazoea yao, na mazoea hayaachwi kwa tangazo. Ronald Heifetz wa Chuo Kikuu cha Harvard amefanya kazi ya miaka mingi kueleza tofauti hii. Yapo matatizo ambayo dawa yake inajulikana: paa linavuja, mwite fundi. Na yapo ambayo dawa yake ni watu wenyewe kujifunza jambo na kuachana na jingine. Kosa la viongozi linalojirudia kuliko yote, anasema, ni kulitibu la pili kama vile ni la kwanza. Wanamwita fundi wa paa aje arekebishe mazoea.

Hapo ndipo wengine hukimbilia kamati. Kamati ya TEHAMA, kamati ya nidhamu, kamati ya kuinua ufaulu, na mwalimu mmoja yumo katika zote kwa sababu hajui kukataa. Andy Hargreaves, mtafiti wa kazi ya ualimu, aliipa jina hali hii zamani, na kwa maneno yangu ningeiita ushirikiano wa kuigiza: walimu wanaketi pamoja kwa sababu wameamriwa, kwenye saa waliyopangiwa, kujadili ajenda waliyoletewa, kisha wanajaza fomu ya kuthibitisha kwamba wamejadili. Kila mwalimu anaijua harufu ya kikao cha namna hiyo. Mkuu anasoma matangazo kwa dakika arobaini. Mengineyo yanafika wakati kengele inalia. "Kuna mwenye swali?" anauliza, huku anakusanya karatasi zake.

Tofauti ya kikao cha kazi na cha kuigiza naitafuta juu ya meza. Mezani kukiwa na matangazo, yangebandikwa ubaoni, watu wakasome wakipita. Mezani kukiwa na madaftari kumi ya wanafunzi, na saba kati yao wamejumlisha nusu na theluthi wakapata mbili ya tano, hapo kuna jambo. Mtoto aliyejumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini hakuwa mzembe. Amefuata kanuni, ila ni kanuni aliyojitungia. Ameipata wapi? Mwalimu wa darasa la chini atakumbuka alivyofundisha sehemu kwa picha za duara lililokatwa vipande, watoto wakahesabu vipande vilivyotiwa rangi kama vitu viwili tofauti. Mwenzake atasema, "Na mimi hufanya hivyo hivyo." Kwa nusu saa hiyo shule imejifunza kitu ambacho hakuna mkaguzi angekiona.

Lakini madaftari yale mezani ni kitu cha hatari. Yana mwenyewe. Ni ya darasa la mtu, na mtu huyo ana jina, ana umri kazini, pengine anatarajia kupandishwa daraja. Kuyaleta ni kukiri mbele ya watu kwamba wiki mbili za kufundisha zimezaa mbili ya tano. Ndiyo maana suala la usalama wa kusema siliweki kwenye fungu la mambo laini ya kuwabembeleza wafanyakazi. Ndilo linaloamua kama meza itakuwa na madaftari au matangazo.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua juu ya hilo haukutoka shuleni. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, wakati huo akisomea uzamivu Harvard, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika timu za wauguzi hospitalini. Alitarajia timu zinazoongozwa vizuri na zenye maelewano ziwe na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: timu bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi. Baada ya kuchimba zaidi akaona kilichokuwa kinahesabiwa. Yalikuwa makosa yaliyosemwa. Kwenye timu zenye hofu makosa yalikuwepo, ila yalifichwa.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wahenga walishalisema, lakini utawala wa shule mara nyingi umejengwa kana kwamba hawakulisema. Mkuu anayejivunia kwamba walimu wake hawamletei matatizo ana sababu ya kukosa usingizi. Shule yenye watoto mamia kadhaa haiwezi kukosa matatizo; inaweza tu kukosa wanaoyasema.

Mfano wa kilio chenyewe upo kwenye kumbukumbu za umma. Katika wilaya ya elimu ya jiji la Atlanta, Marekani, alama za mitihani ya jimbo zilipanda kwa miaka mpaka kiongozi wa wilaya hiyo akatunukiwa heshima ya kitaifa mwaka 2009. Mwaka 2011 ripoti ya wachunguzi wa jimbo la Georgia ikatoka. Kati ya shule 56 zilizochunguzwa, 44 zilikuwa zimefanya udanganyifu, na waelimishaji 178 walitajwa kuhusika. Walikuwa wamefuta majibu ya watoto wakaandika yaliyo sahihi. Ripoti ilizungumzia hofu iliyotanda: malengo yalipangwa juu, na aliyeshindwa kuyafikia au aliyethubutu kusema ukweli aliadhibiwa. Sitetei aliyefuta majibu. Mtoto aliyehitaji msaada wa kusoma alinyimwa msaada huo kwa sababu karatasi ilisema anajua kusoma. Ila ukiuliza ni nani aliyeharibu njia ya habari, jibu litakupeleka juu zaidi ya chumba cha mtihani. Mtaalamu wa tathmini Donald Campbell alikuwa ameshaonya katika miaka ya 1970 kwamba kipimo kikitumiwa kuwaamulia watu hatima yao, watu watakiharibu kipimo, na kazi iliyokuwa inapimwa itaharibika pamoja nacho.

Walimu hawasomi sera. Wanasoma uso wa mkuu katika sekunde kumi za kwanza baada ya mtu kusema jambo lisilopendeza. Akikunja uso, imekwisha. Miezi sita ya semina haitaurudisha mdomo uliofungwa. Akisema, "Hebu tueleze zaidi," kuna mtu wa pili kule nyuma ambaye naye ataamua kusema. Na kwa kuwa mkubwa ndiye mwenye kidogo zaidi cha kupoteza, ni vizuri aanze yeye: "Niliubadilisha utaratibu wa mitihani ya ndani bila kuwauliza, na mmeona ulivyotuvuruga." Sentensi moja ya namna hiyo, ikiwa ya kweli, inafanya kazi kuliko hotuba ya uwazi.

Mtu anaweza kusema hizi ni hisia tu, na shule hupimwa kwa matokeo. Sawa, tuende kwenye matokeo. Watafiti Anthony Bryk na Barbara Schneider walizifuatilia shule za msingi za Chicago katika miaka ya 1990 na kuchapisha walichokiona mwaka 2002. Waliangalia kuaminiana: walimu kwa mkuu, walimu kwa walimu, walimu kwa wazazi. Shule zilizokuwa na kuaminiana kwa kiwango cha juu zilikuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kuwa miongoni mwa zilizopiga hatua katika kusoma na hesabu. Zile ambazo kuaminiana kulikuwa chini kabisa zilikuwa na nafasi moja kati ya saba. Kuaminiana kwenyewe hakukufundisha hesabu. Kulifanya iwezekane kujaribu kitu kipya, kikashindikana, na mtu asitafutwe wa kubeba lawama.

Na walipima kuaminiana kwa mambo ya kila siku, si kwa urafiki. Je, watu wanasikilizwa kwa heshima? Je, wanajaliana kupita pale kazi inapowalazimu? Je, kila mmoja anaiweza kazi yake? Je, anachosema ndicho anachotenda? La tatu huwa tunalikwepa. Mkuu mwema asiyeijua kazi haaminiwi. Anapendwa, na hilo ni jambo jingine. Vivyo hivyo mkuu anayemvumilia mwalimu asiyeingia darasani, kwa jina la amani, anaivunja imani ya wale wanaoingia.

Narudi kwenye ratiba, maana bila muda haya yote ni mahubiri. Japani wana utaratibu wanaouita jugyō kenkyū, utafiti wa somo, ambao mizizi yake inakwenda hadi mwishoni mwa karne ya 19. Walimu wanachagua sehemu ambayo wanafunzi huikosea, wanaandaa somo moja pamoja kwa wiki kadhaa, mmoja wao analifundisha, na wengine wanasimama pembeni ya madawati na daftari mkononi. Hawamtazami mwalimu. Wanawatazama watoto: huyu aliduwaa wapi, yule alifuta nini, hawa wawili walinong'onezana nini swali lilipoulizwa. Baadaye wanaketi, aliyefundisha anaanza kusema yeye, kisha wengine wanatoa walichokiona.

Uzuri wa mpango huu ni jinsi ulivyomaliza suala la aibu bila kulitaja. Somo ni la wote, kwa hiyo likianguka limeanguka la wote. Aliyesimama mbele alikuwa mkono tu. Nchi nyingine zilipouiga mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, mara nyingi ziliuchukua umbo wake, yaani siku ya maonyesho na wageni waliojaa nyuma ya darasa, zikaziacha wiki za kuandaa pamoja. Wiki hizo ndizo ghali. Ndizo zinazodai ratiba.

Shanghai wametatua gharama hiyo kwa njia ambayo wengi wetu hatutaki kuisikia. Katika uchunguzi wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, kuhusu walimu, ule wa mwaka 2013, mwalimu wa kule alifundisha karibu saa 14 kwa wiki, wakati wastani wa nchi zilizoshiriki ulikuwa kama saa 19. Saa zake zote za kazi hazikuwa chache; zilijaa kusahihisha, kuandaa na kuketi na wenzake katika vikundi vya utafiti wa ufundishaji. Na muda huo ulipatikana wapi? Kwa sehemu, kwa kukubali madarasa makubwa zaidi. Sisemi kila shule ifanye hivyo. Chumba kilichokwisha kujaa hakiwezi kujazwa tena, na mwalimu wa watoto wadogo atakuwa na la kusema. Ninachosema ni kwamba wao waliamua. Shule nyingi haziamui. Zinaacha ratiba ijipange kwa idadi ya vyumba na vipindi, kisha zinashangaa ushirikiano umekwenda wapi.

Mkuu ambaye hana mamlaka ya kuongeza walimu bado ana penseli. Anaweza kupanga vipindi vya walimu wa hesabu wa ngazi mbili ili Jumatano wapate dakika arobaini pamoja. Anaweza kufuta kikao kimoja kati ya vinne kwa mwezi na kuwapa walimu muda huo. Anaweza kulishika darasa la mtu yeye mwenyewe kwa kipindi kimoja, mwenye darasa akamtazame mwenzake. Hili la mwisho lina faida ya ziada ambayo haihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya mkuu aliyeacha kufundisha siku nyingi.

Halafu aende akakae nao. Mtafiti Viviane Robinson na wenzake huko New Zealand walikusanya tafiti kadhaa na mwaka 2008 wakachapisha ulinganisho wa aina tano za kazi ambazo viongozi wa shule hufanya. Iliyohusiana kwa nguvu zaidi na matokeo ya wanafunzi ilikuwa ya kuhimiza mafunzo ya walimu na kushiriki ndani yake. Neno la pili ndilo linalorukwa. Mkuu anafungua mafunzo, anawatakia heri, anaondoka kwenda kwenye simu. Walimu wanaona, na wanaelewa mafunzo hayo yana uzito gani.

Si kila jambo la kujadiliwa, bila shaka. Moto ukiwaka hakuna kikao. Usalama wa watoto, mahudhurio, fedha, tarehe za mitihani: hayo yana amri, na mkuu anayeyapeleka kwenye kamati anakwepa kazi yake. Upo pia uvivu unaojiita ushirikishwaji, ambapo mkuu anawagawia walimu majukumu bila mamlaka, wakifaulu anapiga picha nao, wakishindwa anawakumbusha kwamba walikubaliana wenyewe.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wakuu wenyewe, na sina jibu jepesi kwalo. Unanitaka nipokee habari mbaya kwa tabasamu, atasema mmoja wao, lakini mimi nikizipeleka juu nani atatabasamu? Ana haki. Mkuu wa shule ni mtu wa katikati, huku anabanwa na wazazi, kule na wakubwa wanaosoma jedwali la alama kwa rangi nyekundu na kijani. Kumwambia awe ngao ya walimu wake wakati yeye hana ngao ni kumtwisha mzigo ambao tumeukwepa sote. Hofu iliyokutwa Atlanta haikuanzia kwenye ofisi za wakuu wa shule. Anayeendesha wilaya au mkoa wa elimu angepaswa kuulizwa swali lile lile la ratiba: wakuu wake wanakutana lini, na mezani huwa kuna nini? Wakikutana ili kusomewa safu ya wa kwanza hadi wa mwisho, asitegemee kwamba mkuu wa shule ya mwisho atasimama aeleze kinachomshinda. Atakachofanya ni kutafuta njia ya kutokuwa wa mwisho.

Wapo wanaofanya kazi hii hata hivyo, kimya, na kazi yao hujulikana siku wanapohama. UNESCO imekadiria kwamba ili kufikia elimu ya msingi na sekondari kwa wote ifikapo 2030 dunia inahitaji walimu wapya wapatao milioni 44, wengi wao wa kuziba nafasi za wanaoondoka. Kwa hiyo watu watakuja na kwenda, wakuu wakiwemo, na kilichojengwa juu ya haiba ya mtu mmoja kitaondoka kwenye begi lake.

Mkuu mpya anafika, anaifungua ratiba. Anaona Jumatano, kipindi cha sita, walimu wanne wa hesabu hawana darasa, wote kwa mpigo. Kwa jicho la haraka huo ni uzembe wa aliyemtangulia, na kuna madarasa mawili hayana mwalimu. Anachukua kalamu. Ama walimu wale watanyamaza, kila mmoja achukue kipindi chake cha ziada arudi chumbani kwake, ama mmoja wao atabisha hodi ofisini, amebeba rundo la madaftari kifuani.

"Shikamoo Mkuu. Samahani, kipindi hicho usikiguse kwanza. Njoo ukae nasi Jumatano."